Nyumba Isiyoyeyuka na Mvua: Mwongozo Kamili kwa Kikundi cha Wenyeji Kinachojengea Familia Maskini Vijijini

Ukitaka kujua nyumba ya udongo imebakiza miaka mingapi, usitazame paa wala mlango. Inama uangalie futi moja ya mwisho ya ukuta, pale unapokutana na ardhi. Maji yanayodondoka kutoka kwenye paa lenye upenu mfupi hupiga chini na kuruka, na kila tone hung'oa chembe ya udongo. Baada ya misimu mitatu minne utakuta shimo la kuingiza ngumi, na ukuta umesimama kwa mazoea tu. Mwenye nyumba huliziba kwa udongo mbichi kila mwaka, na kila mwaka hubanduka. Huyo si mvivu. Anapambana na maji kwa kitu ambacho maji hukiyeyusha.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wa hapo hapo kijijini, au waliozaliwa hapo wakaondoka bila kusahau, wanaotaka kuwajengea majirani wao nyumba ndogo za kudumu. Nimekuwa kwenye kazi hii muda wa kutosha kukosea karibu kila hatua nitakayoieleza. Nyumba zetu zilizoharibika ziliharibiwa na maji. Kikundi chetu, mara mbili, nusura kivunjwe na siri. Kwa hiyo msishangae kuona sehemu kubwa ya maelezo haya haina saruji ndani yake.

Hatua ya 1: Watu kwanza, michango baadaye

Kuanzia mwaka 1946, msanifu majengo Hassan Fathy alijenga kijiji kipya cha matofali ya udongo karibu na Luxor, Misri, ili kuwahamisha watu wa Gourna waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Majengo yake yanasifiwa duniani hadi leo. Wenyeji wengi hawakuhamia, maana riziki yao ilikuwa kule kule walikotakiwa kutoka. Utaalamu ulikuwepo, na huruma ilikuwepo. Wenye nyumba ndio hawakuwa na kauli.

Basi kamati yenu iwe na watu watakaoendelea kukutana na wajengewa kisimani na msibani. Saba hadi tisa wanatosha, namba witiri ili kura zisigongane. Awemo fundi mwenye kazi zinazoonekana, mtu anayejua kuweka hesabu, na wanawake wasiopungua nusu. Wao ndio wanaojua nyumba ipi inavuja upande gani. Sajilini kikundi kwa mujibu wa sheria ya nchi yenu, kisha andikeni katiba fupi inayojibu maswali machache bila kuzunguka: nani anaitisha mkutano, nani anasaini hundi, kiongozi anaondolewaje, na mali inakwenda wapi kikundi kikivunjika. Ongezeni kifungu kimoja ambacho sisi tulikisahau: ndugu wa mjumbe akijadiliwa, mjumbe anatoka nje ya chumba. Asikae kimya ndani, atoke.

Andikeni pia, kwenye ukurasa mmoja, mambo ambayo hamtayakubali kwa mfadhili yeyote. La kwanza, mfadhili hachagui familia. La pili, jina lake halichorwi ukutani kwa mtu. Hakuna anayependa kulala kila siku chini ya tangazo la umaskini wake. Ukurasa huo uwe tayari kabla fedha hazijaanza kuingia, kwa sababu zikishaingia mtaona aibu kuuandika.

Hatua ya 2: Familia ipi itangulie

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na wengi huipita mbio. Wanaitisha mkutano wa hadhara, wanauliza nani anastahili, majina yanatajwa. Tatizo ni kwamba mkutanoni hutajwa mtu anayependwa. Aliye maskini kupindukia hakuja: hana nguo ya kuja nayo, au yuko kibaruani shambani kwa mtu.

Anzeni kwa kutangaza vigezo, si majina. Vyetu ni hali ya paa na kuta, idadi ya watu wanaolala chumba kimoja, uwepo wa mlemavu, mzee au mtoto mdogo, kipato, na kama kuna ndugu mwenye uwezo wa kusaidia. Kila kigezo kina alama zake, na alama hizo hupigiwa kura mbele ya watu kabla mtu yeyote hajatembelewa. Kisha pitieni nyumba kwa nyumba, wawili wawili, bila kuruka hata moja katika eneo mlilojipangia.

Kuna mama mmoja ambaye tulikaribia kumwacha. Alisikia tunakuja, akafagia, akapaka kuta udongo mwekundu, akaazima viti kwa jirani. Tuliondoka tukimwandikia alama za mtu mwenye nafuu. Aliyetuzindua ni mwenye viti, alipokuja kuvichukua. Tangu siku hiyo hatuangalii usafi. Tunaomba ruhusa, tunaingia saa sita mchana, tunafunga mlango na kuhesabu vitobo vya mwanga kwenye paa. Kwa mama yule vilikuwa 61. Kila kitobo ni mahali pa kuweka sufuria usiku wa mvua, na nyumba nzima ilikuwa na sufuria nne.

Orodha ya alama ikikamilika, ibandikwe mahali pa wazi kwa wiki mbili, pamoja na majina ya watu wawili wa kupokea malalamiko, wasiwe wajumbe wa kamati. Malalamiko yatakuja; yasipokuja kabisa, jiulizeni kama watu wameisoma. Lililo la kweli lirekebishe orodha, na marekebisho yabandikwe palepale. Na kwa nyumba ya kwanza kabisa nawashauri mchague familia ambayo hakuna anayeweza kuibishia, hata kama kwa alama ni ya pili. Kijiji kizima kitaisoma nyumba hiyo kama barua.

Hatua ya 3: Kiwanja, yaani karatasi na maji

Msichimbe hata jembe moja kabla ya kujua ardhi ni ya nani. Tuliwahi kumjengea mjane kwenye kiwanja alichoishi miaka 20. Bati la mwisho lilipopigwa, shemeji yake akatokea na kusema kiwanja ni cha marehemu kaka yake, na nyumba ni ya ukoo. Shemeji huyo hakuwahi kuonekana wakati wa kibanda. Kesi ilitula mwaka mzima, na mjane akawa analala kwa jirani huku anaitazama nyumba yake.

Siku hizi tunawakusanya wote: mwenye familia, ndugu wa pande zote mbili, majirani wanaopakana, na uongozi wa kijiji. Mipaka inatembewa kwa miguu. Makubaliano yanaandikwa na kusainiwa, asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Kama ni wanandoa, majina yote mawili yanaandikwa. Kama ni mjane, jina lake liandikwe, pamoja na ya watoto wake, na ndugu wa mume wasaini kwamba hawadai. Ndugu akikataa kusaini ni heri ajulikane leo. Inapowezekana kisheria, fuatilieni hati rasmi. Makubaliano ya kijijini ni mwanzo tu.

Baada ya karatasi, maji. Waulizeni wazee mafuriko makubwa yalifika wapi, halafu nendeni wenyewe baada ya mvua kubwa mwone maji yanakopita. Kwepeni bonde, mguu wa mteremko mkali, na udongo wa kujaziwa. Chunguzeni kama ni ule udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba masika. Huo huinua na kushusha msingi kama mtu anayepumua. Ikiwezekana badilisheni kiwanja, na isipowezekana tafuteni mhandisi kabla ya kuendelea. Vichuguu vya mchwa navyo viandikwe, vitaamua aina ya mbao na dawa.

Hatua ya 4: Je, ni lazima nyumba mpya?

Swali hili hulipendi ukiwa na hamu ya kupiga picha ya nyumba iliyokamilika, lakini liulizeni kwa kila familia. Jimbo la Coahuila, Mexico, lilianza mwaka 2000 mpango uitwao Piso Firme, wa kumwaga sakafu ya saruji kwenye nyumba za maskini zenye sakafu ya udongo. Hawakujenga kuta wala paa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sakafu ya udongo ikibadilishwa yote kuwa ya saruji, vimelea vya tumbo kwa watoto wadogo hupungua kwa asilimia 78 na kuharisha kwa asilimia 49. Kwa hiyo kama kuta za mtu bado zina afya, sakafu na paa jipya vinaweza kuwafikia watu wengi zaidi kwa fedha zilezile.

Njia ya pili ni nyumba inayokua. Mwaka 2004, huko Iquique, Chile, msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa Elemental walikuwa na dola 7,500 za ruzuku kwa kila familia, fedha isiyotosha nyumba nzima. Wakajenga nusu iliyo ngumu kwa mtu wa kawaida kuijenga vizuri, yaani nguzo, paa, jiko na bafu, wakaacha nafasi ya nusu nyingine, na familia zikajaza zenyewe kadiri zilivyopata. Ule ulikuwa mradi wa mjini, ila fikra yake inafaa kijijini kuliko popote: jengeni msingi na paa bila kulegeza, muache mahali pa kuongeza chumba.

Sisi hujenga mita 6 kwa 7, yenye ukuta mmoja wa kugawa katikati. Tuipige hesabu pamoja. Mzunguko ni mita 26, ongeza ukuta wa ndani mita 6, jumla 32. Zidisha kwa kimo cha mita 2.6, unapata mita za mraba 83. Toa milango mitatu na madirisha manne, zinabaki kama 73. Tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 9, likijengwa na udongo wa kuunganishia wa sentimita moja, huingia 33 kwa mita ya mraba. Hiyo ni takriban 2,430, na ukiongeza ya kuvunjika, agiza 2,600. Hesabu hii ifanyike mbele ya kamati nzima ubaoni. Kila mtu akiijua, hakuna atakayeweza kuandika 3,500.

Hatua ya 5: Kuujua udongo wenu

Katika miaka ya 1950, mhandisi Raúl Ramírez alibuni huko Bogotá mashine ya mkono iitwayo Cinva-Ram: sanduku la chuma na mpini mrefu wa kukandamiza udongo wenye saruji kidogo hadi uwe tofali. Mashine za leo nyingi ni watoto na wajukuu wake. Faida yake ni kwamba tofali halichomwi, kwa hiyo hakuna miti inayokatwa, na sehemu kubwa ya malighafi iko chini ya miguu yenu. Hasara yake ni kwamba udongo usiofaa hutoa tofali linalopendeza siku ya kwanza na kumung'unyuka msimu wa kwanza.

Ondoeni kwanza udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Chukueni wa chini, jazeni nusu chupa ya kioo, ongezeni maji, tikiseni kwa nguvu na kuiweka mahali isipoguswa. Mchanga hutua karibu papo hapo, vumbi laini hufuata, na udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, huchukua hadi kesho yake. Mnautaka udongo ambao mchanga wake ni zaidi ya nusu, na mfinyanzi upo ila hautawali.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini. Tengenezeni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4 kwa ndani. Lipakeni mafuta, mlijaze udongo uliochekechwa na kuloweshwa ukawa kama wa kufinyangia, msawazishe juu. Liacheni kivulini wiki moja hadi udongo ukauke kabisa. Utakuwa umejikunja na kupasuka. Usukumeni wote upande mmoja, pimeni pengo lililobaki. Pengo chini ya milimita 15: sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo. Kati ya 15 na 30: 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45: 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60: 1 kwa 12. Likizidi 60, udongo huo una mfinyanzi mwingi mno. Ongezeni mchanga mrudie tangu mwanzo. Fundi wetu mkuu alilicheka sanduku hilo siku ya kwanza, akaliita jeneza la panya. Sasa halimtoki mkononi, na jina limebaki.

Kuchanganya kufanyike kukiwa kukavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yanyunyizwe kidogo kidogo. Finyangeni donge kwenye kiganja, mliangushe kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne vitano, maji yametosha. Likibonyea bila kuvunjika, yamezidi. Likitawanyika kama unga, hayajatosha. Changanyeni kiasi kinachoweza kufyatuliwa ndani ya saa moja, kwa sababu saruji haiwasubiri mmalize chai.

Matofali yapangwe kivulini, yafunikwe kwa nailoni na kunyunyiziwa maji siku saba mfululizo, kisha yaachwe hadi yatimize siku 28. Hapa ndipo vikundi vingi huharibu. Yanaonekana makavu siku ya nne, watu wana haraka, ukuta unaanza. Lakini saruji hupata nguvu kwa unyevu, na tofali lililokauka upesi limekauka tu, halijakomaa. Mpeni mtu mmoja jukumu la kunyunyizia, aandike kila siku asubuhi na jioni. Kabla ya kujenga, lowekeni matofali matatu usiku kucha. Asubuhi mkwangue kwa msumari. Likitoka tope, rudini kwenye sanduku la panya.

Kwa kawaida mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 100 hadi 130 ya ukubwa ule, kwa hiyo nyumba yetu hula mifuko 20 hadi 26 kwa matofali pekee. Pale ambapo matofali ya kuchoma ndiyo yanayopatikana, kumbukeni ufundi ulioenezwa na Laurie Baker katika jimbo la Kerala, India: matofali husimamishwa kwa ubavu na kuachiwa uwazi katikati ya ukuta, na robo hivi ya matofali huokolewa.

Hatua ya 6: Msingi

Nyosheni pembe kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo lazima iwe mita 5 kamili. Kisha pimeni kona kwa kona mara mbili, namba zilingane.

Chimbeni hadi udongo mgumu, msikubali chini ya sentimita 50. Upana sentimita 60. Mwageni zege la 1:3:6, saruji, mchanga na kokoto, lenye unene wa sentimita 15, kisha mawe au matofali ya saruji kupanda juu. Mchanga nao upimwe: chupa, maji ya chumvi, tikisa, subiri, tabaka la vumbi juu ya mchanga likizidi sehemu 8 kwa 100, rudisheni lori.

Msingi upande juu ya ardhi sentimita 30, au 45 penye mvua kali. Wafadhili hupenda kupunguza hapa kwa sababu hapaonekani kwenye picha. Msikubali, hii ndiyo ile futi moja tuliyoanza nayo. Juu yake tandazeni nailoni nzito isiyo na tundu, ili unyevu wa ardhini usipande ukutani.

Hatua ya 7: Ukuta na lenta

Anzeni na kona, vuteni kamba, timazi ishuke kila kozi (mstari wa matofali) ya tatu. Maungio ya kozi moja yasilingane na ya kozi iliyo chini. Mlango au dirisha visikaribie kona kwa chini ya sentimita 60, na kati ya tundu na tundu kubaki sentimita 60 pia.

Juu ya madirisha ipite lenta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka nyumba nzima bila kukatika: nondo nne za milimita 12, zege la 1:2:4. Nondo zinapokutana zilaliane sentimita 60, na kwenye kona zipinde ziendelee upande wa pili. Lenta iliyokatika konani ni sawa na mkanda usiofungwa. Zege limwagiliwe siku saba.

Kabla ya kumwaga, chomekeni vipande vya waya mnene au ukanda wa chuma kila mahali kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) itakapokaa, ncha zibaki juu. Vitafunga paa.

Hatua ya 8: Paa

Upepo hauanguki juu ya paa, hulinyanyua kutoka chini. Tulijifunza hivyo alfajiri moja tulipoitwa kuangalia mabati sita yakiwa shambani kwa jirani, misumari yake ingali imeyashika. Kenchi zilipigiliwa vizuri kwenye ubao wa ukutani, ila ubao wenyewe haukufungwa na kitu. Siku hiyo hiyo tulirudia nyumba zote nne tulizokuwa tumekwisha kukabidhi.

Mbao ziwe kavu na zimepakwa dawa ya mchwa. Mwinuko usipungue nyuzi 15. Upenu utoke sentimita 60 ili tone lidondoke mbali na ukuta. Penye vimbunga upunguzwe, na paa liwe la pande nne. Kwenye bati, kumbukeni geji, yaani namba ya unene wake, huenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30. Nunueni 28, hata ikibidi kupunguza chumba. Misumari ipigwe juu ya tuta la bati, si bondeni, na iwe na raba yake.

Wekeni mfereji na tangi mapema. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 45 kwenye mvua ya milimita 20 hupata lita 900, na hata mkipoteza moja ya tano zinabaki 720.

Hatua ya 9: Sakafu, hewa na choo

Sakafu ya zege, ilainishwe, iwe na mteremko mdogo kuelekea mlangoni. Madirisha yatazamane ili hewa ipite, na yawe na nyavu za mbu. Uwazi kati ya ukuta na paa nao uzibwe kwa wavu. Jiko la kuni lisiwe chumba cha kulala. Choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kisiyakaribie maji ya ardhini kwa chini ya mita 2. Nyumba bila choo msiihesabu kuwa imekamilika.

Hatua ya 10: Fedha na stoo

Akaunti ya benki yenye saini tatu, wawili kati yao watoshe kutoa. Anayenunua asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayeandika vitabu. Bei ziulizwe sehemu tatu. Tengeni asilimia 10 hadi 15 ya bajeti kwa ajili ya yasiyotarajiwa, maana yatakuja.

Stooni, saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, mifuko isizidi kumi kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mfuko uliokaa miezi mitatu umeshapungua nguvu, na wenye mabonge hautumiki kwenye zege hata kidogo.

Halafu ubao wa hesabu. Kila nyumba inayojengwa iwe na ubao mkubwa mbele yake: fedha iliyoingia, mifuko iliyonunuliwa, iliyotumika, iliyobaki, malipo ya mafundi. Uandikwe upya kila Jumamosi. Mara ya kwanza kikundi chetu kilipotikisika, uvumi ulikuwa kwamba mifuko 12 imeuzwa. Haikuwa imeuzwa, ila vitabu vilikaa nyumbani kwa mtu, na hakuna aliyetuamini tulipovileta. Mara ya pili mifuko mitatu iliibwa kweli, ubao tayari ulikuwepo, na aliyegundua ni mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akijumlisha akienda shule.

Hatua ya 11: Mkono wa familia

Habitat for Humanity, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1976 na Millard na Linda Fuller, iliweka tangu mwanzo kwamba familia ifanye kazi kwenye ujenzi wa nyumba yake. Ni utaratibu mzuri ukitumiwa kwa akili. Kuchota maji, kuchekecha udongo, kunyunyizia matofali, kupikia mafundi: kila mtu na linalomfaa. Lakini msimwambie bibi wa miaka 80 afyatue matofali ndipo astahili. Asiye na nguvu achangiwe mkono na majirani, na hesabu yake isiandikwe kama deni.

Mafundi walipwe, na kila fundi awe na vijana wawili anaowafundisha. Fundi wa kujitolea huja siku asipopata kazi kwingine, na nyumba hukaa bila paa mvua zikianza.

Picha zipigwe kwa ruhusa. Mkiona mtu anaombwa asitabasamu ili aonekane maskini zaidi, izimeni kamera.

Hatua ya 12: Ufunguo, na mvua ya kwanza

Siku ya makabidhiano msifanye sherehe kubwa. Tembezeni familia nzima ndani na nje, mwaonyeshe namna ya kuzibua mfereji, kukaza msumari wa bati uliolegea, kuziba ufa mdogo, kuondoa njia za mchwa ukutani kabla hazijafika kwenye mbao. Acheni kopo la rangi, misumari michache na namba ya simu ya fundi.

Kisha rudini mara tatu: mvua kubwa ya kwanza, miezi sita, na mwaka. Ile ya mvua ya kwanza nendeni mvua ikiwa inanyesha, si kesho yake. Tazameni tone la upenu linaangukia wapi, maji yanayotiririka yanaelekea upande gani, kama kuna unyevu unaopanda kwenye kona ya kaskazini au ya kusini. Inameni mguse futi moja ya chini ya ukuta kwa kiganja. Kikirudi kikavu, andikeni tarehe na saini. Kikirudi na tope, simamisheni uchimbaji wa nyumba inayofuata hadi mjue maji yamepitia wapi.